Watoto wakiangalia katuni wanaishia kusema "nzuri", nifanyeje? Jibu kwa mwalimu wa darasa la nne

Mwalimu, habari za kazi. Swali lako nimelisoma, naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine waelewe tunaongelea nini: unafundisha darasa la nne, umeanza kutumia katuni kwenye kipindi cha sanaa, watoto wanafurahi kweli ila ukiwauliza "mmeonaje" wanajibu "nzuri", ukiwauliza kwanini wanaanza kusimulia stori kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wengine wanasema mchoro fulani mbaya sababu haufanani na mtu, alafu kuna wazazi wanaolalamika kwamba katuni ni za nyumbani sio za shule. Na mwisho umeuliza maksi utawapaje.

Watoto wako hawana shida yoyote. Ukimuuliza mtu "umeonaje" unamtaka atoe hukumu kabla hajaangalia vizuri, na hata mtu mzima ukimuuliza hivyo akitoka kuangalia filamu atakwambia "iko poa" basi. Na hilo la mchoro kuwa mbaya sababu haufanani na mtu wa kweli ni jambo la kawaida kabisa kwa umri wao. Michael Parsons, mtafiti wa elimu ya sanaa, mwaka 1987 alitoa kitabu kuhusu jinsi watu wanavyokua katika kuelewa sanaa, anaonyesha kwamba mtoto mdogo anaanza kwa kupenda tu, napenda hii sababu ina mbwa, napenda ile sababu ni nyekundu, halafu anafika mahali anapima kila kitu kwa uzuri na kufanana na uhalisia, na baadae sana ndo anaanza kuona hisia na mtindo wa msanii. Darasa la nne wengi wapo hapo kwenye kufanana. Sasa katuni ina faida moja kubwa hapo, kwa sababu mtoto anajua fika kwamba hamna mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili na bado anampenda huyo mhusika, anamwonea huruma, anamwogopa. Ukimsaidia ajiulize imekuwaje nimemwonea huruma mtu mwenye vidole vinne na macho ya duara mawili, umeshamtoa hapo alipokuwa bila hata kumhubiria.

Wazo ambalo ningependa lirudi kila kipindi ni hili: kwenye katuni hakuna kitu kilichojileta chenyewe. Ukipiga picha kwa kamera unaweza kupata ndege aliyepita, waya wa umeme, mtu aliyekatiza nyuma, vyote bila kupanga. Kwenye katuni karatasi ilikuwa nyeupe. Kama kuna wingu, kuna mtu aliamua liwepo, akaamua liwe wapi na liwe na ukubwa gani. Kwahiyo swali la "hii ni nzuri?" linageuka kuwa "kwanini mchoraji kachagua hivi na sio vile?" na hilo mtoto wa miaka tisa analiweza kabisa, tena analipenda, manake anajisikia kama anafanya upelelezi.

Waelezee pia kazi iliyopo nyuma ya picha, ila kwa mifano halisi. Émile Cohl wa Ufaransa mwaka 1908 alitengeneza katuni isiyofika hata dakika mbili na ilimbidi achore picha kama 700. Winsor McCay wa Marekani mwaka 1914 alitoa katuni ya dinosaria aitwaye Gertie, picha zake ni maelfu, na kwa sababu alichora kwenye karatasi, milima na mawe ya nyuma ilibidi yachorwe upya kwenye kila karatasi moja moja, kazi ambayo msaidizi wake aliifanya kwa kunakili. Mwaka huohuo Earl Hurd akaomba hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya njia ya kuchora kwenye karatasi angavu inayoonyesha kilicho chini yake, yaani unachora mandhari mara moja tu alafu unaweka wahusika juu yake. Ukiwaambia watoto hivyo kisha ukawauliza "katika hii klipu ni kitu gani kinacheza na ni kitu gani kimetulia?" wataanza kuangalia kwa macho tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye utendaji. Sababu ya wao kusimulia stori ni kwamba picha inakimbia na sauti inaongea, akili yote inaifuata stori na haina nafasi ya kutazama mchoro. Kwahiyo simamisha picha. Chagua klipu fupi, nusu dakika mpaka dakika moja inatosha sana, waonyeshe mara moja wacheke wamalize hamu, alafu rudisha, zima sauti, simamisha kwenye fremu moja tu na uiache hapo. Waambie dakika nzima hakuna kuongea, ni macho tu. Dakika moja ya kimya kwa watoto ni ndefu, mara ya kwanza watacheka cheka na kusukumana, usijali, wewe simama nao uangalie picha pia kwa makini, wakikuona unaangalia kweli watatulia.

Baada ya hapo kuna maswali matatu ambayo mimi nayaamini sana, yalitengenezwa na Abigail Housen na Philip Yenawine kwa ajili ya kuwafundisha watu kutazama sanaa. La kwanza: kuna nini kinaendelea kwenye hii picha? La pili: umeona nini mpaka ukasema hivyo? La tatu: tunaweza kuona nini zaidi? Ni hayo tu, na la pili ndo injini ya somo zima. Tuchukue mfano wa picha ya msichana amekaa kwenye benchi, begi lipo chini, kivuli chake kirefu kuliko yeye mwenyewe. Mtoto mmoja atasema "ana huzuni". Usimwambie sawa wala sio sawa, muulize umeona nini mpaka ukasema ana huzuni? Atasema kainamisha kichwa. Mwingine atadakia, hapana amechoka tu, ona mikono inaning'inia na begi limeanguka upande. Wa tatu ambaye huwa haongei darasani anakwambia mbona kawekwa kule pembeni kabisa alafu sehemu kubwa yote imebaki tupu? Hapo mwalimu huyo mtoto ameshagundua matumizi ya nafasi kwenye mchoro, kitu ambacho wanafunzi wa chuo cha sanaa wanakaa wanajifunza, na wewe hujamfundisha neno lolote. Kazi yako ni kunyoosha kidole pale alipopataja ili wote waone, kurudia alichosema kwa maneno yaliyokamilika kidogo ("kwahiyo unaona ule upande mtupu unamfanya aonekane mpweke"), na kuunganisha, kwamba huyu anakubaliana na yule ila anapingana na huyu.

Jizuie kusema "vizuri sana!" kila mtu akijibu. Najua ndo tulivyofundishwa, ila ukimsifia mmoja kwa jibu, wengine wanajua jibu sahihi limeshapatikana, wanafunga mdomo. Na jizuie kukimbilia kumjibia mtoto. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, kwenye miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali akakuta wengi wanasubiri kama sekunde moja tu, na waliposubiri sekunde tatu na kuendelea majibu ya wanafunzi yalikuwa marefu zaidi, na hata waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Sekunde tatu! Hesabu kimoyomoyo kama itasaidia.

Misamiati ije baadae, wakishakuwa na kitu cha kusema na wanakosa neno lake. Mtoto akisema "ile laini imechorwa kwa nguvu" hapo mpe neno mstari mzito. Mstari, umbo, rangi, ukubwa, nafasi, mwanga na kivuli, hayo yanatosha kwa mwaka mzima.

Mi ningeanzia kwenye umbo kwa sababu lina utamu wake. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler mwaka 1929 aliandika kuhusu maumbo mawili, moja la mviringo mviringo na lingine lenye ncha kali kali, na maneno mawili ya kubuni yasiyo na maana, baluma na takete, ukimuuliza mtu lipi ni lipi wengi wanaoanisha takete na lile lenye ncha. Fanya hilo ubaoni, lifanye kabla ya kusema chochote, uone mikono itakavyopanda. Kisha rudi kwenye katuni: mhusika mpole kachorwa kwa maumbo gani, na mkorofi je? Wape duara, mraba na pembetatu za kukata kwenye karatasi watengeneze mhusika mwema kwa duara, alafu yuleyule wamtengeneze kwa pembetatu na waseme nini kimebadilika kwenye tabia yake. Ila usiwaachie ikawa sheria kwamba ncha ni ubaya na duara ni wema, watafute wenyewe katuni inayovunja hilo, mfano adui mnene wa mviringo anayetabasamu, alafu wajadili kwanini anatisha zaidi.

Hapa hapa ndo pa kuongelea jambo ambalo watu wengi wanalikwepa. Mchora katuni anarahisisha, na kurahisisha kunaweza kumdhalilisha mtu. Kwanini kwenye katuni nyingi mwovu ana kovu usoni, au ni mnene, au ana rangi iliyokoza kuliko wenzake, au anaongea kwa lafudhi ya kigeni? Watoto wako wanaliona hilo tayari, hawajawahi kuulizwa tu. Swali ni lilelile, nani kachagua na kwanini, na je angeweza kutuonyesha kwamba ni mwovu kwa njia nyingine? Mtoto mwenye kovu au mwenye mwili mkubwa yupo humo humo darasani, kwahiyo liongoze kwa upole, ongeleeni picha na sio watu, lakini usiliache.

Kuhusu rangi na mwanga jaribio rahisi ni kuweka hiyo picha bila rangi, simu nyingi zinaweza, alafu waulize bado unajua mtu wa muhimu ni nani? Kuna kisa kizuri cha Mickey Mouse, zamani alikuwa na mikono myeusi na mwili mweusi, katuni zenyewe hazikuwa na rangi, kwahiyo mkono ukipita mbele ya kifua unapotea kabisa, na mwaka 1929 akaanza kuvaa glavu nyeupe. Usiwape jibu mapema. Waonyeshe mkono mweusi juu ya mwili mweusi, waulize wao wangefanyaje, utapata majibu mengi na mengine mazuri kuliko glavu.

Kinyume chake ni Lotte Reiniger wa Ujerumani. Filamu yake ya mwaka 1926, ambayo ndo filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyobaki mpaka leo, ni vivuli vitupu, wahusika aliwakata kwa mkasi kwenye karatasi ngumu nyeusi, akaunganisha viungo kwa waya, akamulika kwa taa kutoka chini. Uso hauna macho, hauna machozi, na bado unajua huyu anaomba, huyu anatisha, huyu kakata tamaa. Ukiwa na kipindi kimoja tu cha kutumia mwezi mzima mi ningekwambia tumia cha vivuli. Simamisha fremu, waulize mnajuaje ana hofu wakati hana uso, alafu watoto wasimame waige lile pozi kwa miili yao, ukiliiga unasikia mgongo ulivyopinda na shingo ilivyoenda mbele, unakuwa umeuelewa mchoro kwa mwili kabla ya kuuelewa kwa maneno. Watoto wa darasa la kwanza na la pili ningewafundisha hivi tu, kuangalia na kuiga, maneno yatakuja.

Mwendo ndo unaotofautisha katuni ya kucheza na picha ya ukutani kwahiyo usiupite, ila usiingie sana kwenye ufundi. Filamu inapita kwa fremu 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi wanatumia mchoro mmoja kwa fremu mbili, kwahiyo michoro 12 kwa sekunde moja. Wafanye wenyewe kwenye kona za daftari lililoisha, mpira unadunda, ukurasa kwa ukurasa, alafu wapeperushe kwa kidole gumba, kitu hiki ni cha zamani, kilipewa hataza Uingereza mwaka 1868. Mpira wa kwanza utadunda mkavu kama jiwe. Waambie wajaribu tena wakiubonyeza kidogo unapogusa chini na kuurefusha unapopaa, wataona wenyewe umekuwa hai. Wale wa darasa la tano na la sita unaweza kuwapeleka mbele zaidi: Osamu Tezuka wa Japani alipoanza kurusha katuni ya televisheni ya kila wiki mwaka 1963, muda na hela havikutosha kuchora kila kitu, kwahiyo sehemu nyingi mwili umetulia unacheza mdomo tu, au picha imesimama na kamera ndo inapita juu yake. Je hiyo ni sanaa pungufu? Waache wabishane. Mimi nadhani sio pungufu, kwa sababu ukiwa na michoro michache unalazimika kuchagua ile yenye nguvu zaidi, lakini usiwaambie nimesema hivyo mpaka wamalize.

Kama huna projekta wala umeme wa uhakika, usikate tamaa, vibonzo vya gazetini vinatosha na kwa mambo fulani ni bora zaidi kwa sababu vimetulia vyenyewe. Chukua kibonzo cha viboksi vinne, kikate, funika maneno, wape kila kundi wapange upya. Watapanga tofauti na kila mmoja atetee mpangilio wake kwa kuonyesha kwenye picha, sio kwa kusema "naona tu". Siku nyingine ondoa kiboksi cha tatu uwaulize nini kimetokea hapo katikati. Scott McCloud, mchoraji aliyeandika kitabu kizima cha kufafanua vibonzo mwaka 1993, anasema ule uwazi mwembamba kati ya kiboksi na kiboksi ndipo msomaji anapofanya kazi mwenyewe, yaani mchoraji anakuonyesha mkono ulioinuliwa na sahani iliyovunjika, tukio la katikati unalichora wewe kichwani. Watoto wakigundua hilo wanashangaa kweli, kwamba walikuwa wanasaidia kuchora miaka yote hiyo bila kujua. Na darasa likiwa na watoto wengi, makundi ya watano watano na kibonzo kimoja kwa kila kundi yanafanya kazi vizuri kuliko skrini moja ndogo ambayo wa nyuma hawaioni.

Wazazi nao wana hoja, usiwadharau. Mtoto kuachwa mbele ya televisheni masaa matatu ni kitu kimoja, na mtoto kukaa na fremu moja nusu saa akitoa hoja na ushahidi ni kitu kingine, ila mzazi hajaona hicho cha pili, kwahiyo mwonyeshe. Mpelekee maandishi ya mtoto wake. Kama anataka kujua kama ulimwengu unaichukulia hii kazi kama sanaa, Brussels wana makumbusho ya vibonzo tangu 1989, Kyoto kule Japani wana makumbusho ya manga, yaani vibonzo vya Kijapani, tangu 2006, na Wafaransa vibonzo wanaviita sanaa ya tisa. Lakini naamini maandishi ya mtoto wake yatamgusa zaidi ya Kyoto.

Kuna tofauti moja ambayo lazima uwafundishe waziwazi nayo ni kupenda na kutambua kazi. Mtoto ana haki ya kutokupenda katuni na hakuna wa kumbadilisha, ila anaweza kusema "mi siipendi kwa sababu inanitisha, lakini mchoraji alitaka kututisha na ameweza, kaweka giza pande zote na macho tu ndo yanaonekana". Jiulizeni pamoja, mchoraji alikuwa anajaribu kufanya nini, na amefanikiwa kwa njia gani? Mtoto akizoea kuuliza hivyo hata kazi ya mwenzake anaihukumu kwa adabu, hasemi tena "mbaya" anasema "ulitaka aonekane anakimbia ila miguu yote ipo chini".

Na hapo ndo maksi zinapotokea. Usitoe maksi kwa maoni, toa kwa sababu na kwa ushahidi uliopo kwenye picha. Waandike kama kadi zile zinazobandikwa pembeni ya picha kwenye maonyesho, sentensi nne au tano: nini kinaonekana, mchoraji kachagua nini, hicho kinafanya tusikie nini, na mimi nafikiri nini. Mmoja akiandika "hii katuni ni nzuri sana nimeipenda inafurahisha na wahusika wake ni wazuri" na mwingine akiandika "sijaipenda, mtu kachorwa mdogo na mlango mkubwa, nahisi mlango utammeza", huyu wa pili ndo mwenye maksi nyingi, hata kama hiyo katuni wewe unaipenda kuliko zote. Wa kwanza usimkatie sana mwanzoni. Mwandikie pembeni kwa peni: umeona nini mpaka ukasema inafurahisha? Umrudishie daftari aongeze sentensi moja, na sentensi hiyo nayo uihesabu.